Adabu za ukumbi wa sinema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huuliza wanapojiandaa kwenda sinema kwa mara ya kwanza. Mengine ni ya wale waliozoea, lakini wamechoshwa na jirani wa kiti cha pili. Majibu yanahusu zaidi Dar es Salaam, Zanzibar na miji ya Kenya: kumbi zilizo ndani ya maduka makubwa, vibanda vya mtaani na maonyesho ya uwanjani. Msimamo wangu katika yote ni mmoja. Tiketi inakupa kiti, haikupi ukumbi. Ukumbi ni wa wote waliolipa, na kila ukumbi una makubaliano yake. Anayeyajua na kuyafuata ana adabu hata kama anapiga kelele, na asiyeyajali anaudhi hata akinong'ona.

Tiketi imeandikwa 19:00. Hiyo ni saa ngapi hasa?

Ni saa 1 usiku. Kumbi nyingi huandika muda kwa mtindo wa saa 24, na nyingine huandika 7:00 PM. Aliyezoea kuhesabu saa zetu anaiona saba na kuisoma saa saba. Toa sita, na ukibaki na zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili tena: 19:00 ni saa 1 usiku, 21:30 ni saa 3 na nusu usiku, 14:15 ni saa 8 na robo mchana. Ukimwalika mzazi au mgeni, usimtumie picha ya tiketi peke yake. Mwandikie saa kwa maneno.

Fika dakika kumi na tano au ishirini kabla. Jumamosi jioni, Idi na Krismasi ongeza zaidi, kwa sababu foleni ya maegesho pekee inaweza kukumaliza. Matangazo na vionjo vya filamu zijazo hutangulia, lakini usivifanye akiba yako ya kuchelewa. Leo vitachukua robo saa, kesho vitakuwa vifupi.

Nimechelewa na filamu imeanza. Niingieje?

Ukishapita mlango, simama pembeni kidogo. Ulikotoka kuna mwanga, na macho hayaoni gizani papo hapo. Yanahitaji muda, na ili yazoee kabisa huchukua hata dakika ishirini au thelathini. Ukikimbilia ngazi utajikwaa, na atakayemwagiwa soda ni mtu asiye na kosa. Kama mhudumu yupo, mwachie akuongoze. Kama hayupo na huna budi kutumia tochi ya simu, ielekeze sakafuni, uifunike kwa vidole mpaka ubaki mwanga mdogo wa kukuonyesha ngazi tu. Usiipandishe kutafuta namba ya safu kwenye nyuso za watu.

Kupita mbele za watu ukiwa umeinama tumefundishwa nyumbani tangu utotoni. Fanya hivyohivyo humu. Inama, waelekee waliokaa badala ya kuwapa mgongo, sema "samahani, naomba kupita" kwa sauti ya chini, na usisimame katikati kusalimiana na unayemfahamu. Kiti chako kikiwa katikati kabisa ya safu na filamu imeshafika mbali, kaa kwenye kiti kitupu cha pembeni, uhamie chako wakati wa mapumziko. Filamu nyingi za Kihindi zina mapumziko hayo. Za Kimarekani mara nyingi hazina, na hapo kiti cha pembeni kitakutosha mpaka mwisho.

Nimemkuta mtu kwenye kiti changu.

Angalia tiketi yako kwanza: herufi ni ya safu, namba ni ya kiti. Hakikisha pia hujaingia ukumbi mwingine, maana majengo mengi yana kumbi kadhaa zinazopakana. Kisha mwonyeshe tiketi kwa upole: "Samahani kaka, nadhani hiki ndicho changu." Wengi huhama bila neno. Akikataa, usibishane gizani, mwite mhudumu. Na wewe uliyekalia kiti cha mwenzako kwa kuwa ulikiona kitupu, inuka mara moja bila kusubiri kuombwa mara ya pili. Kumwambia "si ukae tu hapo pengine" ni dharau, kwa sababu huenda alilipa mapema makusudi ili akae pale.

Nikipunguza mwanga wa simu, bado ni tatizo?

Ndiyo, bado. Hili ndilo linaloharibu sinema nyingi kuliko jingine lolote, kwa hiyo nalieleza kwa kirefu.

Kiwango cha kimataifa cha mwanga wa pazia la sinema ni kandela 48 kwa kila mita ya mraba. Simu nyingi za leo zikiwashwa kwa nguvu hufika kandela 500 na zaidi. Maana yake ni kwamba kile kioo kidogo mkononi mwako kinang'aa mara kumi ya pazia ambalo watu wamelipia. Filamu ya miwani ya 3D huwa hafifu zaidi, kwa hiyo tofauti inazidi kuwa kubwa. Waliokaa nyuma yako macho yao yameshalizoea giza. Ukiwasha simu hata kwa sekunde tano, yanavutwa kwenye mwanga wako yapende yasipende, na yakirudi kwenye pazia yanakuta weusi mtupu. Tukio la usiku ambalo mpiga picha alilipangia taa kwa siku nzima wameshalikosa. Wewe unaona umesoma ujumbe mmoja tu. Safu tano nyuma yako zimeusoma pamoja nawe.

Kwa hiyo zima, au weka kimya na uitie mfukoni. Kumbuka pia vitu vinavyosahaulika. Kengele ya kuamshia inaweza kulia hata kama umezima mlio wa simu. Programu za adhana nazo hulia kulingana na ulivyozipanga, na adhana ikikatizwa kwa papara katikati ya ukumbi haimpendezi yeyote. Saa za mkononi za kisasa huwaka kila unapoinua mkono kula bisi. Usiweke simu ya mtetemo kwenye tundu la kuwekea glasi, maana plastiki ile hutetema mpaka kiti cha jirani.

Nina mgonjwa hospitali, au nimemwacha mtoto mchanga nyumbani. Nifanyeje?

Hapo una haki ya kubaki unapatikana. Nunua kiti cha pembeni karibu na mlango, weka simu kwenye mtetemo na uishike mkononi au uiweke mfukoni. Ikiita, toka nje ndipo upokee. Usipokee ukiwa unatembea, na usiseme "nipo sinema, nitakupigia", kwa sababu sentensi hiyo ndiyo inayosikika kuliko zote. Aliyebaki na mtoto mwachie maelekezo mapema: apige ikiwa kuna dharura tu, asitume ujumbe wa kuuliza sukari iko wapi.

Kupiga picha moja ya pazia niweke kwenye status, kuna ubaya gani?

Kuna ubaya wa aina mbili. Wa kwanza ni mwanga, ambao tumeshauzungumza. Wa pili ni wa kisheria. Filamu ni mali ya waliotengeneza, na kuirekodi ukumbini bila idhini kunagusa sheria za hakimiliki: Tanzania kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mhudumu akikuambia uache au utoke, hakuonei.

Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu filamu zetu wenyewe ndizo zinazoumia zaidi. Studio kubwa ya Marekani ikiibiwa vipande vichache itasimama. Mtengenezaji wa Dar es Salaam au Nairobi aliyepata ukumbi kwa wiki chache tu anategemea tiketi za wiki hizohizo. Ukiweka mwisho wa filamu yake kwenye status, umewapa marafiki zako sababu ya kutokwenda. Piga picha ukiwa nje mbele ya bango, au ukumbini kabla taa hazijazimwa. Zinapendeza pia.

Je, kunong'ona kunaruhusiwa?

Neno moja, ndiyo. Mazungumzo, hapana. Sauti ya waigizaji kwa kawaida hutoka kwenye spika iliyo nyuma ya pazia, na pazia lenyewe lina vitundu vidogo ili sauti ipenye. Waliochanganya sauti wamepima kila kitu wakijua ukumbi utakuwa kimya: pumzi, mlango unaofungwa mbali, mtu anayemeza mate kwa hofu. Mnong'ono unaingia palepale. Matukio ya mabomu na magari hayaharibiki sana. Yanayoharibika ni yale ya ukimya, na ndiyo yenye thamani.

Usimweleze mwenzako kitakachofuata kwa kuwa wewe umeshaiona. Akikuuliza "huyu ni nani tena?", mjibu kwa maneno mawili na umwahidi mengine nje.

Nimempeleka mama yangu na hajui Kiingereza. Nimtafsirie?

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu filamu nyingi zinazofika kumbini ni za Kiingereza bila maandishi ya Kiswahili, na za Kihindi huja na maandishi ya Kiingereza. Kumwambia mtu "kaa kimya utazame tu" ni kumfungia mlango mzazi anayestahili starehe kama wengine. Siungi mkono sheria inayomfukuza mama ili mwanawe aonekane mstaarabu.

Yapo mambo yanayosaidia. Msimulie mama kisa kabla hamjaingia: nani ni nani, nani anamtafuta nani, bila kumwambia mwisho. Mkiwa foleni ya bisi muda unatosha kabisa. Chagua filamu inayobebwa na vitendo, nyimbo au katuni kuliko ile ya mahakama ambayo kila kitu ni maneno. Watu wa pwani wametazama filamu za Kihindi kwa miongo mingi bila kujua Kihindi, na walilia panapostahili kulia, kwa hiyo usidhani kila sentensi inahitaji mkalimani. Chagua maonyesho ya mchana siku za kazi, ukumbi unapokuwa na nafasi, mkae safu ya nyuma pembeni ambako hakuna sikio la jirani. Mtafsirie yale ya kufungulia njia tu: "huyu ni kaka yake", "anasema hataki mahari". Na kukiwa na mapumziko, ndio wakati wa kumjazia yote aliyoyakosa.

Jirani naye, ukimsikia kijana anamnong'oneza bibi yake kwa heshima na kwa ufupi, vumilia. Huyo hajafanana na wawili wanaozungumza habari za ofisini.

Nicheke? Nilie? Nipige makofi?

Cheka, lia, shtuka. Watu hawajanunua tiketi ili wakae kama wako kwenye usaili wa kazi. Vichekesho vinavyotazamwa na ukumbi uliojaa huchekesha zaidi kuliko vikitazamwa nyumbani, kwa sababu kicheko cha mmoja humfungulia mwingine.

Pia si kweli kwamba ukimya mtupu ndio uliokuwa desturi yetu. Zanzibar ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921, lililokuja kuitwa Majestic. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Cameo, Empress na mengine. Kwa Tanzania Bara, ambayo haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, kwenda sinema ilikuwa matembezi ya familia nzima, watu wamevaa vizuri. Humo ndani walishangilia shujaa, wakazomea adui, wakaimba nyimbo za filamu za Kihindi walizokwishazijua kwa moyo. Hapakuwa na utovu wa adabu hapo, kwa sababu ukumbi wote ulikuwa pamoja. Kelele zilihusu filamu, zilitokea mahali pake, na zilikoma filamu iliporudi kwenye mazungumzo.

Kipimo changu ni hicho hadi leo. Sauti inayotoka kwa sababu ya filamu ina nafasi. Sauti inayotoka licha ya filamu haina. Mtu anayeguna "aah!" msaliti anapojitokeza yuko nasi. Anayetoa maelezo ya kuchekesha kila baada ya dakika mbili ili marafiki wamsikie ametugeuza kuwa hadhira yake, nasi hatukulipa kumsikiliza yeye.

Je, adabu hizi zinafanya kazi kwenye kibanda cha mtaani?

Baadhi, si zote. Kibanda umiza kina makubaliano mengine na ni ujinga kukipima kwa kipimo cha ukumbi wa duka kubwa. Kule filamu mara nyingi imeingizwa sauti ya DJ. Tanzania jina la Lufufu lilivuma sana kwa kazi hiyo, Kenya yupo DJ Afro, na Uganda kuna kina VJ Jingo kwa Kiluganda. DJ hatafsiri tu. Anasimulia, anatania, anampa steringi jina la mtaani, anamwonya asiingie kwenye nyumba ile. Watazamaji nao wanajibu. Ukienda pale ukaanza kuwanyamazisha watu, wewe ndiye msumbufu.

Lakini kibanda kina adabu zake kali. Usisimame mbele ya runinga, kwa sababu ni ndogo na mgongo wako unaifunika yote. Usigombee benchi la mbele na watoto kama wewe ni mrefu. Lipa kiingilio kabla hujakaa, usichungulie dirishani kwa nusu saa halafu udai umepita tu. Usiseme mapema nani atakufa. Na usimwambie mwenye kibanda abadilishe filamu aweke mpira wakati waliolipia filamu bado wamekaa. Mechi ina siku yake na kiingilio chake.

Jambo moja la wazazi: vibandani mara nyingi hakuna anayeangalia umri. Kama mwanao huenda, nenda nawe siku moja ujue kinachoonyeshwa.

Naweza kuingia na chakula changu?

Kumbi nyingi hukataza chakula cha nje, na wako wazi kuhusu hilo mlangoni. Unaweza kuona bei ya soda ni kubwa, mimi pia naiona, lakini mahali pa kulizungumzia ni kwa meneja, si kwa kuficha chipsi mayai ndani ya mkoba. Harufu haifichiki. Samaki wa kukaanga akifunguliwa safu ya tatu, mpaka safu ya kumi wanajua.

Hata kilichonunuliwa ndani kina namna yake. Fungua pakiti za kukwaruza wakati wa matangazo. Bisi zichukue chache chache badala ya kuchimba chini ya boksi wakati wa tukio la kimya. Mwezi wa Ramadhani, mchana, hata pale ambapo hakuna sheria inayokuzuia kula, ukiwa umekaa kati ya watu waliofunga, kuahirisha bisi kwa saa mbili ni ubinadamu. Waliofunga nao wakumbuke kwamba onyesho la jioni linaweza kuipita futari. Chukua tende chache na maji, hakuna mhudumu mwenye moyo atakayekunyang'anya ukimweleza.

Na swala ya Magharibi?

Huku pwani jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, kwa hiyo onyesho la saa 12 au kasorobo yake litaigonga Magharibi moja kwa moja. Chagua la mchana au la saa 2 usiku. Kama huna chaguo, kaa pembeni ili kutoka na kurudi kwako kusiinue safu nzima.

Watoto wa umri gani nije nao?

Anza na daraja la filamu. Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu huweka alama: GE kwa watu wote, PG kwa watoto walio na mzazi, kisha 16 na 18. Tanzania kazi ya kukagua na kupanga madaraja ni ya Bodi ya Filamu. Alama ya 18 haimaanishi "mtoto afumbe macho kidogo". Usimlaumu mhudumu anayekuzuia mlangoni na mtoto wa miaka tisa. Laumu uamuzi wa kutosoma bango.

Kisha mtazame mtoto mwenyewe. Sauti ya sinema ni kubwa, na mtoto mchanga hawezi kukuambia kwamba inamuumiza. Anaweza kulia tu. Kwa wadogo wanaoanza, wapeleke katuni fupi asubuhi ya Jumamosi, wapitie chooni kwanza, na waeleze kabla kwamba taa zitazimwa. Wakiuliza maswali katika katuni ya watoto, hapo ni mahali pao, na mtu mzima aliyekuja bila mtoto hana budi kustahimili. Akianza kulia, toka naye mara moja. Watu hawaudhiki na mtoto aliyelia. Wanaudhika na mzazi anayembembeleza palepale dakika kumi kwa matumaini kwamba atanyamaza.

Nimetoka harusini nikiwa na kilemba kikubwa.

Umependeza, ila aliye nyuma yako ataona kilemba peke yake. Kaa safu ya mwisho, au kifungue ukifunge chini. Ni vivyo hivyo kwa kofia pana na nywele zilizofungwa juu sana. Mtandio na baibui havina tatizo lolote. Manukato na udi pia yapunguze: ukumbi umefungwa, kiyoyozi kinazungusha hewa ileile, na kuna wenye pumu.

Nikiwa Kenya, mbona watu wamesimama kabla ya filamu?

Wimbo wa taifa unapigwa. Ni desturi ya siku nyingi katika kumbi za Kenya. Simama wima, acha kutafuna, nyamaza mpaka uishe. Hata kama wewe ni Mtanzania au Mganda, kusimama hakukupunguzii kitu.

Mtu ananisumbua. Nimwambieje?

Watu wengi hukosea kwa kusubiri mno. Wanavumilia saa nzima, kisha wanalipuka kwa tusi, na yule mwenye kosa anabaki anaonekana aliyeonewa. Sema mapema, mara moja, ukiwa bado huna hasira.

Namna ya kusema inategemea unasema na nani. Kijana kwa kijana, "samahani kaka, mwanga wa simu unatufikia huku" inatosha. Kwa msichana, "dada yangu, naomba". Kama ni mtu wa makamo au mzee, inama kidogo karibu na sikio lake: "Shikamoo mzee. Samahani, sauti inatupita kidogo huku nyuma." Mzee aliyepewa heshima yake atanyamaza, na huenda akakuomba radhi. Ukimpigia "shhh!" kama mtoto, atapandisha sauti makusudi ili kulinda hadhi yake, na ukumbi mzima utageuka kuwatazama ninyi wawili.

Taja kitu kinachosumbua, usitaje tabia ya mtu. "Mwanga unanifikia" ni tofauti kabisa na "huna adabu". Usimguse, usimpige begani, hasa kama ni mwanamke na wewe ni mwanamume. Ukishasema mara moja na hakuna kilichobadilika, usirudie. Toka umwambie mhudumu, umtajie safu na kiti. Hiyo ni kazi yake, naye ana mamlaka ya kumtoa mtu ambayo wewe huna. Na ikiwa ni kundi lililolewa, nenda moja kwa moja kwa mhudumu bila kuwasemesha.

Ukiombwa wewe, sema "samahani" na uache. Usieleze ulikuwa unafanya nini.

Picha imekatika au sauti haitoki. Tupige miluzi?

Zamani miluzi ilisaidia, kwa sababu juu kwenye chumba cha mashine alikaa fundi akibadilisha mikanda ya filamu kila baada ya dakika ishirini hivi, na akizisikia kelele aliamka. Leo filamu ni faili la kidijitali, na mashine nyingi huanza zenyewe kwa ratiba iliyopangwa. Inawezekana kabisa kwamba chumbani hakuna mtu. Watu mia wanaweza kukaa wakitazama picha iliyokatwa vichwa, kila mmoja akidhani mwingine ameshakwenda kusema. Inuka wewe. Ni dakika mbili tu, na utakuwa umewasaidia wote.

Mkono wa kiti kati yetu ni wa nani?

Wa pembeni wana mkono mmoja usiogombewa. Wa katikati hana, kwa hiyo mwachie. Miguu ibaki chini: usiweke juu ya kiti cha mbele, na usikipige teke, maana mwenzako anaisikia mgongoni. Viatu usivue.

Tuna mwenzetu asiyeona, na mwingine kiziwi.

Karibuni nyote. Lugha ya alama haina sauti, wasilianeni kwa uhuru, ila kaeni mahali ambapo mikono haikatizi macho ya walio nyuma. Asiyeona anahitaji mtu wa kumweleza yanayotokea, na safu ya mwisho pembeni ndiyo nzuri kwa hilo. Mkiwajulisha majirani kabla filamu haijaanza, "nitakuwa namwelezea kidogo", sijui mtu wa kukataa. Anayetumia kiti cha magurudumu apige simu mapema kuuliza, kwa sababu si kila ukumbi una njia isiyo na ngazi, na aibu ya kugundua hilo mlangoni haipaswi kuwa yake.

Maonyesho ya uwanjani na ya tamasha yana tofauti gani?

Tamasha la filamu la ZIFF la Zanzibar, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, limezoea kuonyesha filamu usiku ndani ya Ngome Kongwe, chini ya nyota, Forodhani ikiwa hatua chache tu. Pale watu huingia na kutoka, upepo unavuma, sauti za mji zinasikika. Ukali wa ukumbi uliofungwa haufai. Lakini pita kando ya ngazi, si katikati ya mwanga wa mashine, maana kivuli chako kitaonekana pazia zima.

Maonyesho ya bure, kama yale ya vituo vya utamaduni, yana ugonjwa wake: kwa kuwa hakuna aliyelipa, watu huja nusu saa baada ya kuanza na kutoka wakichoka. Aliyetengeneza filamu huenda ameketi mstari wa nyuma akihesabu migongo inayotoka. Kama unajua utaondoka mapema, kaa karibu na mlango tangu mwanzo.

Baada ya filamu mara nyingi mwongozaji hujibu maswali. Uliza swali moja, fupi, linaloishia kwa alama ya kuuliza. Hotuba ya dakika tano kuhusu wewe ungeitengenezaje filamu hiyo inawanyima watu wanne nafasi. Kama haikukupendeza, unaweza kusema hivyo kwa heshima: "Sikuelewa kwa nini binti alirudi. Ulikusudia nini?" Mwongozaji atakushukuru kwa swali hilo kuliko kwa sifa kumi.

Filamu imeisha. Niondoke au nisubiri majina?

Vyote ni sawa. Ukiondoka, inama na uondoke haraka. Usisimame ukivaa koti na kupanga usafiri huku umewakinga wanaosoma majina. Filamu nyingi za mashujaa huwa na kipande cha mwisho baada ya majina, kwa hiyo wanaobaki wana sababu. Kwa filamu zetu, mimi hubaki daima, maana mle ndimo utakapoona jina la fundi taa wa Kinondoni au mshonaji wa mavazi ambaye hakuna bango litakalomtaja.

Chukua boksi lako la bisi na chupa mpaka kwenye pipa. Miwani ya 3D irudishe palepale ulipopewa. Mhudumu ana muda mfupi sana wa kusafisha kabla ya onyesho linalofuata. Na ukiwa kwenye korido, usijadili mwisho kwa sauti: wanaosubiri kuingia wamesimama hapohapo.

Nimeharibiwa filamu yangu na kelele. Naweza kudai fedha?

Unaweza kuomba. Kumbi hutofautiana, lakini nafasi yako ni nzuri zaidi ukitoka mapema kuliko ukikaa mpaka mwisho kisha ulalamike. Shika tiketi yako, mwombe msimamizi wa zamu, mweleze safu na muda, na umwambie kama mhudumu alikuja au hakuja. Mara nyingi utapewa tiketi ya onyesho jingine badala ya fedha. Ichukue, na uchague onyesho la mchana siku ya kazi.